Hiyo imeili ya hasira iandike, ila usiitume

Wadogo zangu mlioanza kazi juzi juzi, hasa nyie wa IT na huduma kwa wateja mnaoshinda mnajibu watu kutwa nzima. Mtu akikukera mkiwa ana kwa ana unamuona sura, unajua huyu anatania au yuko siriaz, ila meseji unaisoma kwa sauti uliyonayo wewe muda huo, ukiwa umeamka vibaya hata "sawa" ya kawaida unaona umetukanwa.

Mi nikikerwa naandika yote yanayoniuma, ila naandikia kwenye faili tupu, na kama ni imeili natoa kwanza anuani ya mpokeaji maana kidole hakina adabu. Msitegemee kurudisha. Gmail ikiwa hujagusa mipangilio yake inakupa sekunde 5 tu za kughairi, ukiiongeza mwisho wake sekunde 30, sasa hasira gani hiyo inaisha kwa sekunde 30? WhatsApp unarekebisha meseji ndani ya dakika 15, kufuta kwa wote unaweza hata kesho yake ila inabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na kwenye grupu la kazi hamna kinachoamsha umbea kama hiyo alama, tena aliyewahi kupiga skrinshoti ndo basi.

Ukishakula, ukapoa, rudi usome ulichoandika ukijiuliza kitu kimoja, nilikuwa nataka nini hasa? Mara nyingi kwenye mistari yote ile ya kulalamika kazi iko kwenye mstari mmoja: "Naomba ripoti kabla ya saa 8 mchana, mteja anaisubiri." Tuma huo. Yale ya "kama nilivyosema awali", herufi kubwa, sijui kumuweka bosi wake kwenye kopi, toa yote. Na voisi usirekodi kabisa, ile inabeba hadi kuhema kwako.

Mteja anayetukana mara nyingi hela yake imekwama, we jibu hela achana na tusi: "Pole sana, nitumie namba ya muamala niangalie." Akiendelea mpeleke kwa supavaiza, hujaajiriwa kutukanwa.

Msidhani ni shida ya wageni kazini tu, Linus Torvalds aliyeanzisha Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, alikuwa maarufu kwa imeili zake za kuwachana watu, Septemba 2018 akaomba radhi hadharani na kukaa pembeni wiki kadhaa.

Ila kukaa kimya siku tatu nako siko, andika "nimeiona, nakujibu kesho asubuhi" na kweli umjibu. Na bosi akikuchamba kwenye grupu usimalizie humo humo, mwambie "nimepata mkuu", afu mfuate ofisini, wengi wakiwa peke yao wanashuka. Kama yalikuwa matusi kabisa hizo meseji usifute, utazihitaji ukienda HR.