Ukitaka Kumwelewa Tolentino, Zizunguke Sanamu Zake

Kwa msomaji anayepanga kupita Manila na anayependa uchongaji, ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuingia makumbusho yoyote, apande treni hadi kituo cha Monumento, Caloocan, akaione kazi ya mchongaji Mfilipino Guillermo Tolentino. Mnara wa Bonifacio, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 1933, uko katikati ya kipilefti chenye msongamano mkubwa wa magari, na wageni wengi niliowaona pale walipiga picha ya upande wa mbele kutoka ng'ambo ya barabara, wakaenda zao.

Usifanye hivyo. Mbele utamwona Andrés Bonifacio, kiongozi wa mapinduzi ya 1896 dhidi ya Wahispania, ana panga na bastola, ila uso wake umetulia, kama mtu aliyekwisha kuamua. Ukiendelea kuzunguka, hasira ambayo haimo usoni mwake utaikuta kwa watu wa shaba nyeusi waliomzunguka, na miongoni mwa mateso yanayosimuliwa humo ni ya mapadre watatu walionyongwa mwaka 1872. Kwa maoni yangu utulivu ule hauna maana mpaka uwe umeyaona hayo.

Uso wenyewe haukubuniwa. Tolentino aliwahoji watu waliomfahamu Bonifacio, kisha akalifuata umbo la mifupa ya uso wa dada yake Bonifacio, Espiridiona, aliyekuwa bado hai. Husemwa pia kwamba alihudhuria vikao vya kuita roho za marehemu, habari ambayo binafsi naipokea kwa tabasamu.

Umbo lenye mabawa lililo kileleni, karibu mita 14 juu, linaeleweka zaidi ukijua alikopita. Alizaliwa Malolos mwaka 1890, akasomea sanaa Chuo Kikuu cha Ufilipino, akaenda Marekani mwaka 1919 ambako alifanya kazi ya uhudumu wa mezani, na baada ya masomo New York akafika Roma, mji uliomfunza mtindo ule wa kale wa Wagiriki na Warumi ambao hakuuacha tena.

Siku nyingine nenda Diliman, kwenye kampasi kuu ya chuo hicho, ukaone Oblation, kazi yake nyingine, sanamu ya kijana aliye uchi, amekunjua mikono na kuinua uso mbinguni, iliyotokana na ubeti wa pili wa shairi la mwisho la José Rizal, shujaa wa taifa la Ufilipino. Hapo uliza kwanza unatazama ipi. Ile ya asili, ya mwaka 1935, ni ya zege lililopakwa rangi ifanane na shaba nyeusi. Iliyo nje ni ya shaba nyeusi, na ilisubuliwa Italia. Matawi mengine ya chuo yana nakala zake, baadhi zikiwa kazi ya mwanafunzi wa Tolentino, Napoleon Abueva, ambaye katika kazi zake mwenyewe aliukimbia kabisa mtindo wa mwalimu. Kwa hiyo usimpime Tolentino kwa nakala utakayoikuta kwingine.