Kwa nini PokéStop za mtaani kwetu Dodoma zinapigwa chini

Mkuu uliyeuliza kwa nini mbuyu wa kwenu Nkuhungu na kijiwe cha bodaboda vimekataliwa kuwa PokéStop (sehemu halisi inayowekwa kama kituo kwenye mchezo wa simu wa Pokémon GO), ngoja nikujibu kwa kirefu. Mambo haya nimeyaanza kwenye Ingress, mchezo wa simu unaotumia sehemu kama hizi hizi, kabla Pokémon GO haijatoka 2016.

Kwanza jua nani anakukatalia. Maombi mengi yanayoingia Wayfarer, mfumo wa mtandaoni wa kupendekeza na kukagua vituo, hupigiwa kura na wachezaji wenzako, na wengi wao hata Morogoro hawajafika. Wewe unaona mbuyu ambao wazee wa Kigogo walikalia vikao chini yake. Yeye anaona mti. Anachoulizwa ni kama sehemu hiyo inafaa kutembelewa, kufanyia mazoezi au kukutania watu. Mti mtupu, hata uwe mnene vipi, ni kitu cha asili, hauna pa kushikia mpaka uwe na kibao cha maelezo. Kijiwe nacho leo kipo hapa, kesho kimehamia ng'ambo ya barabara. Kisichodumu hakipiti.

Sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square au Msikiti wa Gaddafi havihitaji kutetewa, ila angalia kwanza kama tayari vipo kwenye ramani, ukirudia unakataliwa. Kwa mtaa kama wako tafuta kanisa au msikiti wa mtaa, uwanja wa mpira wenye magoli ya chuma, michoro ya ukutani, na mabamba ya Mwenge wa Uhuru. Haya mabamba tunayapita kila siku bila kuyatazama: kipande cha marumaru, maandishi yamechongwa, jina la kiongozi wa mbio na tarehe. Yanasomeka vizuri kwenye picha na yanajieleza yenyewe. Shida ni kwamba mengi yamebandikwa shuleni, na eneo la shule ya awali, msingi au sekondari ni marufuku, huna cha kujitetea. Tafuta lile la mradi wa maji. Vyuo vikuu vinaruhusiwa, kwa hiyo walioko UDOM wana uwanja mpana.

Sasa picha, hapa ndipo wengi mnapofeli. Ile kuu ionyeshe kitu chenyewe tu, bila sura za watu wala namba za magari. Nenda asubuhi, mchana jua la Dodoma linafuta maandishi yote kwenye marumaru. Picha ya pili, ile ya mazingira, ndiyo inayoamua. Rudi nyuma hatua kadhaa, kitu kionekane pamoja na njia ya waenda kwa miguu na jengo la jirani, ili mtu aliyekaa Brazil akilinganisha na picha ya setilaiti akubali kwamba hapo ndipo. Wengine wanapiga ukuta uleule mara mbili kisha wanalalamika kuonewa.

Maelezo yawe mafupi: ni nini, kiliwekwa lini, nani anakitumia. Ukiandika "naomba mnipitishie, huku hatuna PokéStop" unawapa sababu ya kukukataa.

Na tafadhali, Bunge, kambi na maofisi ya Serikali yaache. Mlinzi akikuuliza unapiga picha ya nini, kumweleza habari za Pikachu, kale kakiumbe ka kwenye mchezo, ni kazi nzito, niamini.

Kituo chako kikikubaliwa halafu usikione kwenye mchezo, usirudie kukituma. Pokémon GO imegawa ramani kwa viboksi vya upana wa mita 70 hivi, na kwa kawaida kila kiboksi hubeba kituo kimoja tu. Kanisa na uwanja vikiangukia kiboksi kimoja, kimoja utakiona na kingine kinaweza kubaki kwenye Ingress. Kwa hiyo kwa Nkuhungu chagua vitu vilivyoachana kidogo. Tupia hapa picha zako mbili mbili kabla hujatuma, wadau tuzipitie.