Kuchanjwa korona mchana wa Ramadhani: je, funga inabatilika?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga. Naishi na mama yangu mzazi ambaye ana sukari na presha, na jioni natoka kuuza bagia na kachori Ngamiani. Wahudumu wa afya wamepita mtaani kutangaza chanjo ya korona, nasi tumo ndani ya Ramadhani. Jirani mmoja kaniambia sindano inafunguza. Mwingine kasema kujichanja ukiwa mzima ni kukosa tawakuli. Tena nasikia ndani yake mna vitu vya haramu. Nifanyeje? Na mama yangu je, afunge?

JIBU

Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Dada yangu, chanjo ya begani haikufunguzi, wala hulazimiki kusubiri mpaka Idi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kinachobatilisha funga kwa njia ya kuingia mwilini ni kitu kinachofika kwenye jaufu, yaani uwazi wa ndani, kwa kupitia tundu lililo wazi kama kinywa au pua. Nyama ya bega si jaufu, na tundu la sindano si tundu la maumbile. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, alikwishalizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya bomba la sindano: mtu akitiwa dawa ndani ya nyama ya muundi, au akichomwa kisu kikafika kwenye uboho, hajafungua, kwa kuwa pale si mahali pa jaufu. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokaa Jeddah mwaka 1997 likapitisha hivyo hivyo: sindano za tiba za ngozi, za misuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Dozi ya Janssen, chanjo ya korona iliyoanza kutolewa kwetu Julai 2021, ni nusu mililita tu, nayo haina lishe yoyote.

Jirani yako wa kwanza pengine amechanganya na vitu vingine. Dripu ya glukosi, hiyo inalisha, na aliyewekewa atailipa siku yake. Chanjo ya mdomoni, kama ile ya kipindupindu, inafunguza kwa sababu inamezwa. Kipimo cha kijiti cha puani ndicho chenye mjadala, maana kwa kauli ya madhehebu yetu kitu kigumu kikivuka mwisho wa pua kuingia ndani kinafunguza, ingawa wanazuoni kadhaa wa leo hawaoni hivyo. Ukitakiwa kupimwa na hakuna dharura, kapime baada ya magharibi ujiepushe na utata.

Sasa mambo ya pale pale kituoni, kwa kuwa ndiyo yanayowasumbua wanawake wengi bila kuuliza. Damu ikitoka tone moja hakuna neno; haifunguzi, na kwetu haitengui udhu. Kinachotengua udhu ni ngozi ya mwanamume asiye maharimu wako kugusa ngozi yako. Nesi mwanamume akivaa glovu, udhu umebaki. Asipovaa, tawadha upya ukirudi, basi. Muuguzi mwanamke akiwepo mwombe yeye. Asipokuwepo, kufunua bega kwa ajili ya tiba kunaruhusiwa kwa kiasi cha haja, kwa hiyo vaa nguo yenye mkono mpana chini ya buibui usije ukalazimika kuvua hadi kifuani. Ile spiriti ya kwenye pamba hukauka yenyewe. Ukiona shaka, osha pale kabla ya kuswali.

La kuangalia zaidi ni muda. Watu wengi wanaosema chanjo iliwaangusha walikwenda saa saba mchana, hawakula daku, jua la Tanga limewachoma foleni nzima, na maji waliyokunywa usiku ni chai ya rangi vikombe viwili. Mwili uliokauka hivyo unaweza kuzirai kwa kuona sindano tu. Nenda asubuhi mapema baada ya daku ya kushiba, au kama kituo kiko wazi, baada ya laasiri futari ikiwa karibu. Kati ya futari na daku kunywa maji kidogo kidogo mpaka mkojo uwe mweupe. Madafu na machungwa ya Muheza yanasaidia, bagia zako mwenyewe zitakuzidishia kiu. Ukishachomwa, kaa pale dakika 15 usiondoke. Aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa au sindano aseme kabla ya kuchomwa, na akae dakika 30. Kama huwa unazirai ukiona sindano, omba kuchomwa umelala.

Usiku wake au kesho yake unaweza kupata homa, kuumwa kichwa na maumivu ya bega, kwa kawaida siku moja au mbili. Hapa ndipo panapokosewa sana. Mtu anasema, "Kesho nachanjwa, basi sifungi." Hapana. Ugonjwa unaodhaniwa bado si udhuru. Kwetu nia ya funga ya faradhi inawekwa kila usiku, na mafakihi wameisemea hasa homa ya kuja na kuondoka: ikiwa unayo wakati wa kuweka nia, na kufunga kutakutaabisha, unaweza kuiacha nia, ikiwa huna wakati ule, weka nia ufunge, na ikija mchana ikakuzidi, fungua. Aya iko wazi kwamba mgonjwa atatimiza hesabu katika siku nyingine. Utalipa siku kwa siku, bila fidia, mradi usicheleweshe bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia.

Homa ndogo inavumilika. Paracetamol meza vidonge viwili vya miligramu 500 baada ya futari na viwili wakati wa daku. Kati ya dozi na dozi yapite angalau saa sita, na visizidi vinane kwa saa 24. Usivimeze kabla ya kuchanjwa eti kuzuia. Lakini ndani ya wiki tatu baada ya Janssen ukipata kichwa kikali kisichotulia, macho kuona ukungu, kifua kubana, tumbo kuuma mfululizo au mguu mmoja kuvimba, nenda hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo na uwaambie ulichanjwa lini. Ni nadra sana, ila ikitokea si ya kusubiri magharibi. Ukipewa Sinopharm, chanjo nyingine ya korona, hiyo ni dozi mbili, ya pili baada ya wiki tatu hadi nne. Hesabu usije ukaangukia siku ya Idi kituo kimefungwa.

Kuhusu tawakuli, jirani yako wa pili nina hakika hajamwambia hivyo hujaji yeyote. Miaka mingi sasa mtu haendi Makka bila kuchanjwa homa ya uti wa mgongo, siku zisizopungua 10 kabla ya kufika, na hakuna aliyesema mahujaji wetu hawana imani. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba atakayekula tende saba za ajwa asubuhi, siku hiyo hatadhurika na sumu wala uchawi. Huyo bado hajadhurika. Anajikinga akiwa mzima. Kutoka hapo wanazuoni wengi wamechukua ruhusa ya kinga kabla ya maradhi.

Je, ni wajibu? Mimi sisemi hivyo. Kujitibu katika madhehebu yetu asili yake ni sunna, na simpi dhambi aliyeacha kwa hofu ya kweli. Lakini wewe unashika pesa na mikono ya watu kila jioni, kisha unarudi kwa mzee mwenye sukari. Sababu yako ina nguvu kuliko ya kijana anayeishi peke yake. Dhambi iliyo wazi ni ya wale walionunua cheti cha chanjo bila kuchanjwa: hiyo ni rushwa na ushahidi wa uongo kwa pamoja.

Nguruwe hayumo katika Janssen wala Sinopharm. Janssen ina alkoholi ya kiasi cha miligramu 2 katika dozi nzima, iliyopotea ndani ya vitu vingine. Sinopharm ni kirusi kilichouawa, kilichokuzwa kwenye seli za figo ya nyani. Ukiniambia seli za nyani ni najisi, nitakujibu kuwa tiba kwa najisi, isipokuwa pombe tupu, inajuzu kwetu tabibu mwaminifu akisema hakuna dawa tohara inayofanya kazi hiyo; na dalili ni watu wa kabila la Urayna waliougua, ambao Mtume aliwaelekeza mikojo ya ngamia.

Mama yako. Kumchanja hakumfunguzi, wala sindano yake ya insulini, wala kumtoboa kidole kupima sukari. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 kwenye mashine inayosoma kwa mmol/L, mfungulishe papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi, wala asibembelezwe kumalizia. Daktari akisema asifunge kabisa na hakuna matarajio ya kuweza baadaye, basi halipi siku. Atatoa kibaba kimoja cha chakula cha nchi kwa kila siku. Ukipima robo tatu ya kilo ya mchele umetoa kwa tahadhari, na wapewe mafukara au masikini, si ndugu ambao ni wajibu wake kuwalisha.

Wallahu aalam.