Maswali na Majibu: Naenda Guangzhou mara ya kwanza, simu na hela nizipange vipi?

SWALI: Habari za kazi. Nauza vyombo vya jikoni na mikoba ya akina mama hapa Mwanza, na miaka yote nimekuwa nachukua mzigo Kariakoo. Sasa nimepata viza, nataka nikanunue mwenyewe Guangzhou. Natarajia kufika tarehe 2 Oktoba na kukaa siku kumi na mbili. Siku za mwanzo nitafikia kwa binti wa rafiki yangu anayesoma huko, amepanga chumba, halafu nihamie hotelini. Wengine wananiambia China hela taslimu hawapokei tena, wengine wanasema nibebe dola tu basi. Nina kadi ya Visa ya benki na simu ya Android. WhatsApp nasikia kule haishiki. Nifanye nini nisije nikakwama nikishashuka kwenye ndege?

JIBU: Dada, umeuliza simu na hela, lakini kilichonishtua ni tarehe. Oktoba 1 ni sikukuu ya taifa la China na mapumziko yake huenda mpaka tarehe 7. Viwanda hufungwa, maduka mengi ya jumla hufungwa, na treni na hoteli hujaa Wachina wenyewe wanaosafiri. Ukifika tarehe 2, karibu nusu ya safari yako itaishia mbele ya milango iliyofungwa huku ukilipia kulala. Kama tiketi inabadilika, isogeze hadi tarehe 8 au 9.

Utasikia pia habari ya Maonyesho ya Canton, yanayofanyika hapo hapo Guangzhou tangu mwaka 1957. Msimu wa vuli huanza Oktoba 15 na una awamu tatu. Vyombo vya nyumbani na vya jikoni huwa awamu ya pili, tarehe 23 hadi 27. Mikoba, viatu na nguo ni awamu ya tatu, Oktoba 31 hadi Novemba 4. Ni mahali pazuri pa kuonana na wenye viwanda uso kwa uso, ila kule watu wanaandikisha oda, hawauzi mzigo wa kuondoka nao, na siku hizo bei za vyumba zinapanda mji mzima. Mtu anayenunua kwa dazeni nampeleka sokoni. Maonyesho yatakusubiri ukishafikia kuagiza kwa kontena.

Sasa hela. Wote waliokushauri wana ukweli nusu. Muuzaji wa China haruhusiwi kukataa noti za nchi yake, Benki Kuu yao imelikataza hilo. Tatizo ni kwamba wengi hawana chenji, maana wateja wao wote wanalipa kwa simu. Noti yao kubwa ni yuan 100, na ukimpa mama muuza maandazi noti hiyo kwa kitu cha yuan 4 atakutazama tu. Kwa hiyo beba noti, lakini ndogo: za kumi, ishirini na hamsini. Kazi kubwa ya malipo iachie simu.

Programu ni mbili, Alipay na WeChat. Zote zinapokea kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya China. Pakua zote ukiwa Mwanza, kwa sababu duka la programu la Google halifunguki kwenye mtandao wa China, na ukifika na simu tupu utahangaika. Jisajili kwa namba yako ya Tanzania, weka picha ya pasipoti, kisha unganisha kadi. WeChat wakati mwingine humtaka mtu mpya athibitishwe na rafiki mwenye akaunti ya siku nyingi, na hapo yule binti atakufaa. Usiiache WeChat hata kama Alipay imekubali, kwa kuwa wauzaji wote utakaokutana nao watataka kuwasiliana nawe kwa WeChat.

Hapa ndipo wengi wanaponasa. Kadi ikishaunganishwa, benki yako huweza kutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani. Kama laini hiyo umeiacha Mwanza, au haipokei ujumbe ukiwa nje ya nchi, malipo yanagoma na hutajua kwa nini. Nenda benki kabla ya safari na uwaambie mambo matatu: wafungue malipo ya mtandaoni, wafungue matumizi ya nje ya nchi, na wapandishe kikomo cha kwa siku kilingane na manunuzi yako. Kisha nenda kwa mtandao wako wa simu wakuhakikishie kuwa laini itapokea ujumbe ukiwa China. Kama unaweza kupata kadi ya pili kutoka benki nyingine, chukua. Kadi moja ikizuiwa usiku wa Jumamosi, hakuna wa kumpigia.

Kuna makato ya kujua. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana tozo. Yakizidi hapo, kadi ya nje hukatwa asilimia 3 ya malipo yote. Ukilipa yuan 1,000 za mikoba, 30 zimekwenda. Kwa hiyo metro, chakula na teksi lipa kwa simu bila wasiwasi, ila mzigo wa maana lipa kwa noti au kwa benki. Tena ukiona muuzaji mdogo ana msimbo wa QR na malipo yako yanakataa, usidhani kadi imeharibika. Huenda huo ni msimbo wake binafsi wa kutumiana hela, na kadi ya nje hulipa misimbo ya biashara tu.

Dola unaweza kubeba, na zikizidi 5,000 unatakiwa kuzitangaza forodhani unapoingia. Zibadilishe benki kwa pasipoti. Foleni inachosha, najua, lakini wale vijana wa mitaani wanaokuita kwa bei nzuri kuliko ya benki ndio wanaowapa watu noti bandia. Kadi pia inatoa hela kwenye mashine za Bank of China na ICBC.

Tuje kwenye mtandao. WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube zimezuiwa kwa anayetumia mtandao wa China, iwe laini ya pale pale au Wi-Fi ya hoteli. Lakini laini ya nje inapotumika China, data yake hupitia kwanza kwenye mtandao wa ilikotoka, kwa hiyo kizuizi hakiigusi. Ndiyo maana mwenzako aliyekwenda na laini ya nyumbani alikuwa anachati kama kawaida, na mwingine aliyenunua laini uwanja wa ndege akapotea wiki nzima. Bando la nje la laini zetu ni ghali, hivyo kama simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, nunua bando la wasafiri la China kabla ya kuondoka na uliwashe ukishuka. Laini ya nyumbani ibaki ndani ya simu kwa ajili ya ule ujumbe wa benki tu, uizimie data. Vijana watakwambia uweke VPN, programu ya kupenya kizuizi cha mtandao. Zisizo na kibali China haziruhusiwi, na hata mtu asiyejali hilo atakuta zinakatika katikati ya mazungumzo. Sizishauri.

Ramani ya Google nayo iache. Hata ikifunguka, China inatumia mfumo wake wa vipimo vya mahali, na alama unayoiona inaweza kuwa mamia ya mita kutoka ulipo kweli. Tumia Amap, ambayo Wachina wenyewe wanaiita Gaode. Anwani zote, ya binti, ya hoteli na ya masoko, ziwe kwenye simu kwa herufi za Kichina, uzipige picha ya skrini, na moja uiandike kwenye karatasi. Dereva wa teksi hasomi herufi zetu, na jina unalolitamka wewe yeye halisikii kama jina. Ndani ya Alipay kuna Didi ya kuitia gari, na kuna msimbo wa kupitia kwenye metro. Nauli ya metro inaanzia yuan 2, na mlangoni mikoba hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kila kituo, kila siku.

Jambo ambalo hukuuliza na lina uzito kuliko yote: kwa yule binti huwezi kulala kimya kimya. Sheria inamtaka mgeni anayefikia nyumba ya mtu aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hufanya hivyo zenyewe pale mapokezi wanapochukua pasipoti. Kwenye nyumba ya kupanga ni kazi yako na mwenyeji wako: mnakwenda kituo cha polisi cha mtaa na pasipoti yako na mkataba wake wa pango. Ukipuuza, faini inaweza kufika yuan 2,000, na binti naye anaweza kuingia matatani na kuharibu masomo yake. Mwulize leo, kabla hujafunga mzigo, kama mwenye nyumba anakubali. Akisita, nenda hotelini tangu usiku wa kwanza. Na siku zilizoandikwa kwenye viza zihesabu vizuri, kwani kila siku ya kuzidisha ni yuan 500, mpaka 10,000, au mahabusu.

Pasipoti itembee nawe. Mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi hukutana, polisi huuliza hati mara kwa mara, na nakala kwenye simu si hati. Nikisema hivyo simaanishi upakwepe. Kwa safari ya kwanza hoteli ya karibu na Xiaobei ni uamuzi mzuri: utasikia Kiswahili, utapata wali na nyama ya kueleweka, na mawakala wa mizigo wako pale pale, hasa kuzunguka jengo la Tianxiu. Anayekushika mkono barabarani akitaka kukupeleka sokoni, achana naye. Kamisheni yake imo ndani ya bei yako.

Mikoba utaipata Guihuagang, upande wa Sanyuanli. Vyombo vya hoteli na mgahawa viko Shaxi, kusini ya mji. Vile vidogo vidogo vya bei ya chini kabisa viko Yiwu, mkoa wa Zhejiang, na huko ni safari nyingine kwa treni ya kasi. Ukikata tiketi ya treni soma jina la kituo mara mbili, kwa sababu Guangzhou, Guangzhou Mashariki, Guangzhou Kusini na Guangzhou Baiyun ni vituo tofauti vilivyo mbalimbali. Ukiamua kupanda ndege ya ndani, pawabenki isiyo na CCC, alama ya usalama ya China, inachukuliwa uwanjani tangu Juni 2025, na nyingi tunazonunua huku hazina alama hiyo.

Kama ni Mwislamu, tafuta maandishi 清真, yaani halali, mlangoni mwa mgahawa. Ijumaa kuna msikiti wa Huaisheng na ule wa Xianxian. Mkristo Mkatoliki ana kanisa kubwa la mawe karibu na kituo cha Haizhu Square. Maji ya bomba hayanywewi mabichi, hoteli zina birika la umeme. Plagi yetu ya meno matatu ya mraba haiingii kwenye soketi zao, nenda na kibadilishio. Wako mbele yetu saa tano: saa mbili asubuhi Mwanza, kwao ni saa saba mchana. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, na Tanzania ina ubalozi mdogo hapo hapo Guangzhou. Kadi ya njano ya chanjo usiisahau.

Mzigo wa mtu usiubebe, hata wa shoga yako. Mirungi China ni dawa ya kulevya kisheria tangu mwaka 2014, na kwa dawa za kulevya kwa jumla adhabu yao hufika kifo. Hakuna atakayesikiliza kwamba mfuko haukuwa wako.

Siku ya kushuka itakuwa hivi. Kuna fomu ya kuingia, ambayo unaweza kuijaza mtandaoni kabla, na watataka anwani ya unapofikia. Alama za vidole, muhuri, mizigo. Washa bando la eSIM hapo hapo ndani, mjulishe binti, na toa yuan mia chache kwenye mashine ukiwa bado una mwanga na walinzi. Nje, fuata foleni rasmi ya teksi na uonyeshe ile karatasi ya Kichina. Anayekufuata akikunong'onezea bei, mpite.

Ya mwisho ni ya kulipa mzigo wenyewe. Muuzaji wa jumla mara nyingi huomba asilimia 30 mwanzo na 70 mzigo ukiwa tayari, na huo ni utaratibu wa kawaida. Hela ya benki iende kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile lile lililo kwenye leseni yake ya biashara. Akikuletea akaunti ya shemeji yake, simama. Kabla ya kutoa hizo 70, fungua maboksi mawili matatu ya katikati, si ya juu, na umwulize wakala wako wa mizigo kuhusu cheti cha ubora kinachotakiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla mzigo haujapakiwa. Cheti hicho hutafutwa China, si Dar. Ukishajua idadi ya maboksi na vipimo vyake niandikie tena, nikupigie hesabu kama mzigo uende kwa kontena la kuchangia au sehemu yake ije kwa ndege.