Kasuku akiugua, atibiwe

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza kama ni haki kutumia fedha na muda kumtibu ndege wa kufugwa, au ni kujitwisha mzigo bure. Mimi nafuga kasuku hapa Ngamiani, Tanga, na nimemuuguza. Jibu langu: atibiwe, tena mapema. Kasuku huficha ugonjwa mpaka umzidi nguvu, maana porini ndege anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza. Ukimkuta amejitutumua manyoya mchana kutwa na ameshuka kukaa sakafuni mwa tundu, jua huo ugonjwa si wa jana.

Shangwe wetu ni wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alimpata Kigoma enzi zile akifanya kazi reli, na kibali chake tunacho. Kilichonishtua mimi ni kinyesi chake kwenye gazeti ninalomtandikia. Kasuku mzima, kinyesi chake kina sehemu tatu: choo chenyewe cha kijani au kahawia, uji mweupe wa mkojo, na majimaji kidogo pembeni. Asubuhi ile ule uji mweupe ulikuwa umegeuka kijani cha kung'aa. Nikamwangalia mkia, naona unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe, na Shangwe, ambaye siku zote humwiga mpaka watu hutoka kununua, hakutoa hata sauti.

Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa, na madaktari wetu wa mifugo wamebobea huko. Dukani nilishauriwa dawa ya kuku ya kutia kwenye maji, bila mtu hata kufunua kanga niliyofunikia tundu. Daktari niliyempelekea aliniambia wazi: "Mama, ndege ninaowatibu mimi ni kuku. Ngoja nimpigie mwalimu wangu pale SUA." Akapiga simu palepale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, nasikia, anauliza hiki, anaandika kile. Namheshimu sana kwa hilo.

Kabla ya dawa alitaka uzito. Dozi ya ndege huhesabiwa kwa gramu, na kasuku wa aina hii kwa kawaida huwa na gramu 400 hadi 500; kupungua gramu 40 tu kwake ni jambo zito. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna anayekohoa?" Yupo, baba watoto. Kumbe ugonjwa aliokuwa akiushuku, homa ya kasuku au sitakosisi kama waitavyo wataalamu, unatokana na bakteria na humpata mtu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Huja na homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, na unaweza kufika kwenye mapafu. Tuliagizwa twende hospitali na tuseme tunaishi na kasuku, maana usiposema utapimwa malaria, hawataiona, utarudishwa nyumbani na panadoli. Dawa ipo, na inatibu. Tangu hapo sifagii chini ya tundu pakavu. Nanyunyizia maji kwanza, pua na mdomo nimejifunga.

Shangwe aliandikiwa doksisaiklini kwa siku 45 mfululizo, na hapa ndipo wengi huchoka njiani. Bakteria huyu hujificha ndani ya chembe za mwili, na dawa humpata pale anapozaliana. Ndege ataanza kula na kupiga kelele mapema, utadhani amepona, ukikatisha dawa anabaki anaambukiza. Halafu madini ya chokaa (kalsiamu) huizuia dawa hiyo isiingie mwilini, kwa hiyo ule mfupa wa dome, mnyama wa baharini jamii ya ngisi, tunaouokota ufukweni na kumtundikia agugunegugune uliondolewa tundun​i mpaka dozi ikaisha.

Kumnywesha nako kuna namna yake. Unamviringa kwa taulo, unashika kichwa kwa vidole viwili nyuma ya taya, wala hukandamizi kifua, kwa sababu ndege hana kiwambo cha kuvutia pumzi chini ya kifua kama chetu. Kifua kisipopanda na kushuka, pumzi hana. Bomba lisilo na sindano unalipitisha upande wa kushoto wa mdomo, unasukuma tone kwa tone, unamwacha ameze. Ukiharakisha, dawa inaingia mapafuni. Usiku tulimwekea taa ya joto upande mmoja wa tundu ili akizidiwa na joto asogee.

Chakula nacho kilibadilika. Alizeti peke yake humkosesha vitamini A, basi sasa anapata boga, karoti, mchicha na papai, na pilipili anaila kwa raha zake maana ndege haoni ukali wake. Karanga zenye ukungu ni hatari kwa sababu ya sumukuvu. Parachichi kwake ni sumu, asipewe hata kipande.

Jirani yangu, tunayependana sana, aliniuliza, "Shoga, fedha yote hiyo kwa ndege? Si ununue mwingine?" Mwingine wa wapi? Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku, kwa jinsi walivyokamatwa wakapungua. Na hata wangejaa sokoni Mgandini, huyu ni wetu. Tumesimuliwa na Mtume wetu habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Mimi tundu nimelifunga kwa mkono wangu. Kasuku hawezi kwenda kujitafutia mti wa dawa, na tabibu wake ni mimi ninayeshika ufunguo.

Dawa yenyewe wala haikuwa ghali. Kilichotumika hasa ni muda na uvumilivu wa nyumba nzima. Mume wangu alitibiwa, akapona. Shangwe amerudia uzito wake, na kila asubuhi kabla hajala napima kwenye mzani wa keki na kuandika. Udi na ubani siku hizi nafukizia uani, mbali naye, kwa sababu moshi hauyafai mapafu ya ndege, mgonjwa au mzima.