Ninachokunywa sasa ni Clynelish ya miaka 14, chupa ile ile kwa wiki ya 17

Ndugu uliyetuuliza tunakunywa wiski gani kwa sasa na tunaionaje ladha yake, jina la chupa yangu ni fupi lakini maelezo yake ni marefu. Ninakunywa Clynelish ya miaka 14, wiski ya kimea kutoka Uskoti, na ni chupa ile ile niliyoifungua wiki 16 zilizopita. Nilikusudia kutaja jina tu na kuwaachia wengine nafasi, lakini mwenzetu mmoja ameeleza kwamba aliifungua wiski hiyo hiyo wiki iliyopita, akaikuta kali, haina harufu ya maana, inachoma koo, na sasa anafikiria kumpa mtu mwingine chupa iliyobaki. Ninamwomba asubiri, kwa sababu aliyoyasema yeye ndiyo niliyoyaandika mimi kwenye daftari langu usiku wa kwanza, karibu neno kwa neno.

Nieleze kwanza ninavyokunywa, maana bila hilo mengine hayatakuwa na uzito. Ninakunywa Jumamosi usiku tu, baada ya chakula, toti moja ya mililita 30, kwenye glasi ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba unaokusanya harufu. Usiku nilipoifungua Clynelish, kabla hata sijaionja, nilijaza kichupa cha mililita 100 mpaka shingoni, nikakiziba vizuri na kukificha kwenye kabati lenye giza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia kwamba wiski hubadilika chupa ikishafunguliwa, nami nilikuwa nikiamini hivyo, lakini sikuwa na njia ya kujua kama ni wiski inayobadilika au ni ulimi wangu unaoizoea. Safari hii nilitaka kuwa na shahidi.

Usiku wa kwanza niliandika: ukali wa alkoholi unatangulia, ganda la limau, nyasi mbichi, kisha hakuna kitu. Wiki ya pili hali ilikuwa hiyo hiyo. Wiki ya tatu ukali ulipungua, na nyuma yake ikaja harufu ya asali nyepesi na ganda la chungwa. Wiki ya sita, chupa ilipokuwa imepungua kwa karibu theluthi moja, ndipo nilipokutana na kile ambacho watu huisifia Clynelish. Nilisogeza glasi puani nikasikia harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ile inayobaki chumbani baada ya utambi kuacha kufuka. Nilipoonja, wiski haikuteleza kooni kama kimiminika cha kawaida. Ilibaki mdomoni, ikaupaka ulimi na kaakaa utando mwembamba, na nilipopitisha ulimi juu ya meno niliuhisi utando huo kama vile nimetafuna kipande cha sega la asali nikatema nta. Nilikaa na toti ile moja karibu saa nzima. Ladha ya chumvi kidogo ilikuja mwishoni kabisa, nilipokuwa nimeshaweka glasi chini.

Hisia hiyo ya nta haitokani na kitu kilichoongezwa. Kiwanda cha Clynelish kipo Brora, katika eneo la Sutherland, pwani ya kaskazini mashariki ya Uskoti, na kama ilivyo kwa wiski nyingi za kimea za huko, kinywaji hukenekwa mara mbili, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe kimiminika tena. Katika awamu ya pili fundi hutenga kinachotoka mwanzoni na kinachotoka mwishoni, akapeleka kwenye mapipa ile sehemu ya katikati tu. Sehemu zile mbili hurudishwa kwenye tangi ili zikenekwe tena pamoja na mkupuo unaofuata. Ndani ya matangi hayo hujengeka utando wa mafuta mazito, na viwanda vingi huuondoa wakati wa usafi. Wapenzi wa Clynelish wanaijua simulizi ya mara moja ambapo matangi yalisafishwa yakatakata, na ile nta ikatoweka kwenye kinywaji mpaka utando ulipoachwa ujijenge upya. Mimi hupenda sana jambo hili, kwamba sifa kubwa ya wiski imekaa mahali ambapo mtu mwingine angeona uchafu tu.

Kwa wanaopenda historia, kiwanda cha kwanza hapo kilianzishwa mwaka 1819. Mwaka 1967 kikajengwa kipya jirani yake, kikarithi jina la Clynelish, na kile cha zamani baadaye kikaitwa Brora. Brora ilifungwa mwaka 1983 na kufufuliwa mwaka 2021. Sehemu kubwa ya wiski ya Clynelish huingia kwenye michanganyiko ya Johnnie Walker, kwa hiyo wengi wetu tumeshaionja bila kuitambua.

Sasa nirudi kwenye suala la muda, kwa sababu nadhani ndipo mwenzetu alipokwama. Namba 14 kwenye lebo inahesabu miaka ya kwenye pipa. Kanuni za wiski za Uskoti za mwaka 2009 zinataka kinywaji kikae angalau miaka 3 kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na umri ukiandikwa lazima uwe wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani ya chupa. Kwa miaka yote hiyo pipa linapumua; inakadiriwa kwamba huko Uskoti hupotea takriban asilimia 2 kwa mwaka, sehemu ambayo wenyewe huiita fungu la malaika. Ukipiga hesabu kwa miaka 14 utaona kwamba karibu robo ya kilichomiminwa kwenye pipa hakikufika kwenye chupa. Wiski ikishaingia kwenye chupa na kuzibwa, kukomaa kunasimama. Chupa iliyokaa kabatini miaka ishirini bila kufunguliwa haiongezi umri hata wa siku moja.

Lakini chupa iliyofunguliwa ina habari nyingine, na hapo watu huchanganya mambo. Haikomai, kwa maana hakuna mwaloni wa kuipa kitu, ila inakutana na hewa. Kila unapotoa kizibo baadhi ya harufu nyepesi zinaondoka, na kadiri wiski inavyopungua ndivyo nafasi ya hewa inavyopanuka juu yake, na oksijeni inafanya kazi yake polepole. Kinachotangulia kulegea ni ule ukali wa mwanzo, na ukali ukilegea, vilivyokuwa vimejificha nyuma yake huanza kusikika. Baada ya hapo huja kipindi kizuri, na baada ya kipindi kizuri wiski huanza kufifia.

Shahidi wangu nilimtoa wiki hii. Kwa siku tatu mfululizo mke wangu alimimina mililita 15 kutoka kwenye kichupa na mililita 15 kutoka kwenye chupa kubwa, kwenye glasi mbili zinazofanana, nami nikiwa chumba kingine, kisha akaniita nionje na kumwambia ipi ni ipi. Siku ya kwanza nilikosea kabisa. Siku ya pili na ya tatu nilipatia, na nilipatia kwa sababu nilikuwa nimejua nini cha kutafuta: glasi ya kichupa ilikuwa na lile limau kali na zile nyasi za usiku wa kwanza, karibu kama nilivyoziacha, na ile ya chupa kubwa ilikuwa na asali, nta na utulivu mdomoni, ingawa machungwa yake yalikuwa yameanza kupoteza uchangamfu. Najua majaribio matatu si ushahidi wa kumfunga mtu. Hata hivyo, tofauti niliyoisikia siku ya tatu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mke wangu, ambaye hanywi wiski, aliitambua kwa kunusa tu.

Kuna aliyesema pia kwamba kutia maji kwenye wiski ya kimea ni kuiharibu. Siafikiani naye. Wiski yenyewe hutiwa maji kiwandani kabla ya kuwekwa kwenye chupa, isipokuwa zile zinazouzwa kwa nguvu ya pipa, na Clynelish hii imeshushwa hadi asilimia 46. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walichapisha utafiti wa uigaji wa kompyuta kuhusu guayakoli, kemikali mojawapo inayoipa wiski harufu ya moshi. Waliona kwamba alkoholi ikiwa asilimia 45 au chini ya hapo, guayakoli hukaa karibu na uso wa kimiminika, mahali ambapo pua inaifikia; alkoholi ikizidi asilimia 59, inazungukwa na kuzamishwa ndani. Clynelish si wiski ya moshi, kwa hiyo sitaki kuupa utafiti huo kazi ambayo haukuifanya. Ninachoweza kusema kwa uzoefu ni kwamba katika zile wiki mbili za mwanzo, kijiko kimoja kidogo cha maji kiliifungua kuliko dakika arobaini za kusubiri, na kwamba baada ya wiki ya sita maji hayo hayo yaliipunguzia ile nta niliyokuwa naifuata, nikaacha kuyatia.

Si kila chupa inadai subira kiasi hiki. Kabla ya Clynelish nilimaliza Redbreast ya miaka 12, inayotoka Midleton, kaunti ya Cork, nchini Ayalandi. Hiyo hukenekwa mara tatu kwa mchanganyiko wa shayiri iliyooteshwa kuwa kimea na shayiri ambayo haikuoteshwa, mtindo ambao Waayalandi waliushikilia baada ya kimea kutozwa kodi, na ile shayiri mbichi ndiyo inayoipa ule uzito laini kama malai pamoja na ukali kidogo wa viungo. Redbreast ilinikarimu toti ya kwanza na ikabaki vile vile mpaka ya mwisho. Laphroaig ya miaka 10, kwa upande mwingine, imenifundisha kinyume cha Clynelish: moshi wake wa mboji ya kinamasi, ule unaonuka kama dawa ya kidonda, ni mkubwa siku ya kwanza na hupungua chupa ikikaa nusu kwa muda mrefu. Anayeipenda kwa ajili ya moshi asiifanyie uchoyo.

Chupa nyingine ya moshi niliipoteza kwa kosa langu mwenyewe, na nalitaja ili mwingine asilirudie. Niliilaza ubavu kabatini kwa zaidi ya mwaka, nikidhani wiski huhifadhiwa kama mvinyo. Alkoholi yenye nguvu kiasi hicho hukila kizibo. Nilipokigeuza ili kukitoa, nusu ilibaki mkononi na nusu ikasagikia ndani. Niliichuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, vipande vikatoka, lakini ladha ya kizibo kilichooza haikutoka, na sikuweza kuimaliza. Tangu siku hiyo chupa zangu zote zinasimama wima, mbali na jua, na ninatunza vizibo vizima vya chupa zilizokwisha kwa ajili ya siku ambayo kimoja kitakatika.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuigawa Clynelish yako, mimina toti moja, iache kwenye glasi kama dakika ishirini, onja, kisha tia kijiko kidogo cha maji na uonje tena. Ukiona bado imefunga, ziba chupa, isimamishe mahali penye giza na usiiguse kwa wiki tatu. Wakati huo kunywa kitu kingine unachokijua. Ukirudi, usianze kuitafuta nta kwa nguvu. Nusa kwanza, na uangalie kama lile limau kali limerudi nyuma. Likiwa limerudi nyuma, yaliyobaki yanakuja, na itakuwa vyema ukituandikia wakati huo ulichokiona, hata kama hakifanani na nilichokiona mimi.

Kwangu zimebaki toti mbili na nusu. Nimeshazihamishia kwenye chupa ndogo ili hewa isizimalize, na Jumamosi hii nitakunywa moja bila maji.