Re: Jelatini ya kubeba protini ya ukuaji, nitumie bloom ngapi na nitauaje vijidudu?

Mkuu weka pipeti chini kwanza. Hayo ya bloom (kipimo cha ugumu wa jeli) na vijidudu subiri, mi nimekwama pale uliposema unayeyusha jelatini, unatia bFGF yako (hiyo protini ya ukuaji, ndo dawa yenyewe), halafu unamwagia glutaraldehaidi, kemikali ya kufunga jeli, humohumo ili jeli isije ikayeyuka kwenye nyuzi 37. Nani kakudanganya? Maana na mimi kuna mtaalamu mmoja, koti jeupe halimtoki mwilini hata akienda msalani, aliniambia "tia vyote pamoja, unaokoa muda". Muda gani sasa, kazi yote ilienda na maji!

Glutaraldehaidi inafunga jelatini kwa kushika amini (vikundi vya nitrojeni) za laisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Protini yako nayo imejaa laisini, we unadhani itauliza nani dawa nani jelatini? Inafunga wote. Ndo hiyohiyo watu wanakazia seli kabla ya kuzipeleka kwenye darubini ya elektroni, yaani kazi yake ni protini isitoke ilipo, na mimi na akili zangu timamu nikategemea iniachie dawa itoke.

Na ilivyonichezea sasa. Kila nikipima bafa, yaani kile kimiminika nilicholoweka jeli, dawa inatoka kidogoo, grafu imelala kama mgonjwa, mi nachekelea kwamba nimepata jeli ya kutoa dawa polepole, supavaiza kafurahi, slaidi zimeshapambwa. Kumbe haitoki! Nimekuja kuyeyusha jeli kwa kolajenesi, kimeng'enya kinachoitafuna jelatini, nihesabu kilichobaki ndani, jumla haikaribii hata nilichotia, na kale kadogo kalikotoka nikiwapa seli hawajigawanyi wala hawana habari. Jeli yenyewe njano, aldehaidi iliyobaki inavuja, seli za jirani zimejikunja duara zinaelea tu juu. Yule mtaalamu nilipomfuata akaniambia labda seli zangu dhaifu. Seli zangu!

Sasa shika hili: FUNGA KWANZA, OSHA, DAWA MWISHO. Jeli ikishafungwa itie kwenye glaisini, asidi amino ndogo, inyamazishe aldehaidi zilizobaki, osha, badilisha maji, osha tena, igandishe uikaushe kwenye vakyumu, ndo uidondoshee myeyusho wa dawa, jeli itaunywa yenyewe. Usiogope kwamba dawa itakimbia, chukua jelatini aina B, ile inayotengenezwa kwa alkali, kwenye pH ya mwili ina chaji hasi na bFGF ina chaji chanya, zinashikana bila kuumizana, dawa inaachiwa kadiri vimeng'enya vinavyoitafuna jeli. Aina A, ile inayotengenezwa kwa asidi, haikufai hapo, chaji yake haivutani na hiyo protini.

Na kabla hujaniletea habari za genipini, kemikali nyingine ya kufunga jeli, eti inatoka kwenye mmea, ni kweli haiui seli kama glutaraldehaidi na jeli inatoka bluu nzuri ya kupigia picha, ila nayo inashika amini zilezile, kwa hiyo hata huko dawa unaitia mwisho.